Invoisi yako imelala meza gani? Kudai kampuni kubwa ukiwa na karakana ndogo

Nashona ovaroli, riflekta na sare za wahudumu. Karakana yangu iko Ngamiani hapa Tanga, mashine zimejaa ukumbini na majora ya vitambaa yako chumba cha nyuma. Wateja wangu ni makandarasi wa ujenzi, mashamba ya mkonge ya njia ya Muheza, hoteli, kampuni za ulinzi, na mara chache taasisi za serikali. Mtu anayeleta suruali moja kupunguzwa kiuno hulipa siku anapoichukua, na akikosa hela nguo inabaki msumarini. Mwenye msururu wa magari ndiye anayepakia mzigo wote leo na kusema, "Mama, tutawasiliana."

Wenzangu wanaokuja kuniuliza habari za madeni huanza na swali moja: nimshtaki? Mimi nawauliza: invoisi yako iko meza gani sasa hivi? Wengi hawajui. Wanajua tarehe waliyopeleka mzigo, wanajua kiasi, wanajua na meneja aliyewaahidi, lakini karatasi yenyewe ilipo hawaijui. Na kwa niliyoyaona mimi, hela nyingi zinazochelewa hazijazuiwa na mtu. Karatasi imekwama mahali, na kukwama kwake hakumuumi yeyote ndani ya ile ofisi.

Basi usianze na hasira. Anza kuifuata karatasi.

Safari ya invoisi

Mhasibu wa kampuni kubwa anataka vitu vitatu vifanane: LPO waliyokupa, yaani oda yao ya maandishi, delivari noti ya kupokelea mzigo iliyosainiwa kwao, na invoisi yako. Idadi ikipishana kwenye kimoja tu, faili linawekwa pembeni, na hakuna atakayekupigia kukwambia. LPO imeandika ovaroli 200, wewe umepeleka 198 kwa kuwa mbili zipu zimegoma, halafu kwenye invoisi ukaandika 200 ukisema moyoni zile mbili nitazipeleka kesho. Hapo umejifunga mwenyewe. Andika 198. Zile mbili zitakuwa na delivari yake na invoisi yake.

Vikishafanana, stoo inaingiza mzigo kwenye mfumo, idara iliyoagiza inathibitisha kuwa imepata, uhasibu unaandaa vocha ya malipo, wakubwa wanaidhinisha, kisha malipo yanaingia kwenye orodha ya siku ya kulipa. Kampuni nyingi hazilipi kila siku. Zina siku yake, pengine Ijumaa, pengine mwisho wa mwezi. Ukiikosa orodha kwa siku moja, umeingia ya mwezi ujao. Na kama makao makuu yako Dar, vocha inaandaliwa huko, na wa hapa Tanga kazi yao inabaki kukwambia "sisi tulishatuma".

Kwa hiyo uliza maswali manne, kwa mpangilio huu. Invoisi namba fulani mmeipokea? Imeshaingizwa kwenye mfumo? Imeidhinishwa? Iko kwenye orodha ya malipo ya tarehe ngapi? Swali la kwanza kujibiwa "bado" ndilo linalokuonyesha meza ya kwenda. Ukiambiwa "iko kwenye mchakato", uliza tena kwa upole: "Sawa dada yangu, kwenye mchakato imefika kwa nani?" Atataja mtu. Huyo ndiye unayemtafuta.

Vinavyokwamisha ni vidogo mpaka vinatia uchungu. Namba ya LPO haikuandikwa kwenye invoisi. TIN, namba yako ya mlipakodi, imekosewa tarakimu moja. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, kwa wasajili wa kampuni na biashara, ni moja na akaunti ya benki ni ya jina lako mwenyewe, malipo yakarudi, na hakuna aliyejishughulisha kukwambia yamerudi. Hili la mwisho limewatesa mafundi wengi ninaowajua. Fungua akaunti ya jina la biashara, au mpe mhasibu mapema barua yenye maelezo ya akaunti pamoja na nakala ya cheti cha usajili.

Halafu kuna EFD. Wahasibu wengi hawaandai malipo bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na ukishaitoa, TRA, mamlaka ya mapato, wanahesabu mauzo hayo. Kama umesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, piga hesabu kabla ya kukubali mteja achukue mzigo alipe baada ya siku 60. Ovaroli 200 kwa Sh 35,000 ni Sh 7,000,000. VAT ya asilimia 18 ni Sh 1,260,000. Ritani, taarifa ya kodi hiyo pamoja na malipo yake, inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, uwe umelipwa au hujalipwa. Utatoa VAT uliyolipia kitambaa na nyuzi, inayobaki unailipa kwa hela ambayo mteja bado amekaa nayo. Tangu 2023 kiwango cha lazima cha kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo kama uko chini ya hapo usijisajili kwa sababu tu ofisa manunuzi fulani amesema wanapendelea wenye VAT.

Getini

Deni linalolipika linaanzia siku ya kushusha mzigo. Unafika saa saba mchana, stoo kipa ameenda kula. Mlinzi anakwambia, "Weka tu hapo mama, mimi nitampa." Mwambie ahsante mwanangu, nasubiri. Kaa kwenye benchi. Stoo kipa akirudi, ahesabu mbele yako, saizi kwa saizi, maana M zikipungua na XL zikizidi italetwa hoja baadaye. Kwenye delivari noti aandike jina lake kwa herufi kubwa, cheo, idadi aliyopokea kwa mkono wake, tarehe, sahihi, na agonge mhuri. Sahihi iliyozungushwa bila jina haina mwenyewe. Mwaka ukipita na huyo kijana akahama kazi, nani atakwambia ule mzunguko ulikuwa wa nani?

Piga picha ya karatasi ile papo hapo. Nakala yako isikae kwenye bodaboda wala kwenye mkoba wa fundi. Iwe faili moja kwa kila mteja, LPO juu, delivari chini yake, kisha invoisi.

Invoisi nayo ipelekwe na kitabu cha dispachi, kile cha kusainisha barua, aliyeipokea asaini. "Sijaiona invoisi yako" ni neno jepesi sana mdomoni mwa mtu ambaye hakusaini popote.

Maneno ya kumwandikia mhasibu

Siku chache kabla ya tarehe ya malipo mimi hutuma ujumbe wa kuuliza tu kama karatasi zote zipo. Tarehe ikipita, kesho yake naandika hivi:

"Habari za asubuhi kaka. Ni mama wa ovaroli wa Ngamiani. Nafuatilia invoisi namba 114 ya tarehe 3 Machi, LPO namba 2271, Sh 8,260,000. Ilitakiwa kulipwa tarehe 2 Aprili. Kama kuna karatasi inayokosekana naomba uniambie niilete leo. Kama hakuna, naomba kujua iko kwenye malipo ya tarehe ngapi. Nimeambatanisha LPO, delivari yenye mhuri wenu na invoisi."

Humo sikutaja ada ya watoto, sikutaja kodi ya pango, sikutaja presha yangu. Mhasibu anaweza kukuonea huruma kabisa, lakini huruma haiingii kwenye vocha. Namba ya LPO inaingia. Mpe kitu anachoweza kukifanyia kazi kabla ya chai ya saa nne.

Akikujibu kwa simu, ukikata tu mwandikie: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Kama ulivyosema, invoisi namba 114 haina tatizo na itakuwa kwenye malipo ya Ijumaa tarehe 25. Kama sijakuelewa vizuri naomba unirekebishe." Tuma kwa barua pepe ya kazini, WhatsApp iwe nyongeza. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hii unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi, mradi uweze kuonyesha ulikotoka na kwamba haukuchezewa. Usifute mazungumzo, na ukibadilisha simu hakikisha yamehama nayo.

Na adabu isipungue hata siku moja. Mhasibu mkubwa kwako mpe shikamoo yake. Mdogo kwako muite mwanangu. Ukimtukana leo, kesho faili lako litakuwa la chini kabisa, na hakuna sheria inayomkataza kulipanga hivyo.

Mwenye shida na mzigo wako

Mhasibu si mtu wako peke yake. Ndani ya kila kampuni yupo mtu aliyeuhitaji ule mzigo na atakayeuhitaji tena. Kwangu mimi ni mtu wa sefti, msimamizi wa usalama wa wafanyakazi pale saiti. Mkaguzi akikuta vibarua hawana riflekta, anayeulizwa ni yeye. Huyu ndiye anayeweza kuingia uhasibu akasema, "Jamani, yule mama mlipeni, nina watu hamsini wanaanza Jumatatu." Neno lake moja lina uzito kuliko barua zangu zote.

Lakini atalisema tu kama anajua mzigo wa pili hautoki. Hapa wengi wetu tunaogopa. Tunaona tukisimamisha tutampoteza mteja mkubwa, tunapeleka LPO ya pili wakati ya kwanza haijalipwa, kisha ya tatu. Kumbuka kila mzigo wa mteja asiyelipa unakugharimu kitambaa, nyuzi, umeme na posho za mafundi. Mimi humwandikia mtu wa sefti, nakala kwa ofisa manunuzi: "Oda yenu mpya nimeipokea na nafasi ya kushona ninayo. Nitaanza kukata mara invoisi namba 114 itakapolipwa." Sina ugomvi nao, sikutishia, ila hawapati kitu.

Wakikupa sehemu, pokea, kisha andika umepokea kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Wakikwambia "tukulipe milioni sita tufunge hesabu", hilo ni jambo la kufikiri nyumbani kwa kalamu. Kuna deni la zamani ambalo milioni sita leo ni afadhali. Usisaini pale pale dirishani.

Wakati unasubiri, kaa mbali na mikopo ya kausha damu. Faida ya ovaroli haiwezi kubeba riba ile. Ni heri uende kwa mwenye duka la vitambaa umweleze ukweli na kumwonyesha LPO na delivari. Naye ni mfanyabiashara, anaijua hali hiyo.

Kuna msimu nao nataka uujue. Kampuni inapofunga hesabu za mwaka, wakaguzi wanataka madeni yaliyoandikwa yalingane na ya waliokopesha. Wiki hizo peleka stetimenti yako: invoisi zote, tarehe, kiasi, kilicholipwa, kilichobaki, na chini yake nafasi ya wao kuthibitisha salio kwa sahihi na mhuri. Mhasibu ambaye mwezi uliopita hakupokea simu, wakati huo anaweza kusaini kwa hiari yake kwa sababu anaihitaji. Karatasi hiyo ina kazi nyingine. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kudai deni la mkataba mahakamani, na mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi yenye sahihi, au akilipa sehemu yake, kabla muda haujaisha, miaka inahesabiwa upya kuanzia hapo.

Wakinyamaza kabisa

Ukiona maswali manne hayajibiwi, meza zote zinakurudisha kwa mwingine, na mtu wa sefti naye hapokei simu, hapo tatizo si karatasi tena. Pengine kampuni yenyewe haina hela, au mradi umeisha na wanafungasha. Mkandarasi anayeondoa mitambo saiti usimsubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Kwanza ujue unamdai nani. Jina lililopakwa kwenye gari huenda si jina la kampuni iliyosajiliwa. Angalia LPO, kisha tafuta BRELA kwenye mfumo wao wa usajili wa mtandaoni upate jina kamili na ofisi iliyosajiliwa. Jina likikosewa kwenye madai, wakili wao ataanzia hapo hapo.

Kisha andika notisi ya madai. Ukurasa mmoja unatosha: LPO namba fulani, mzigo uliopokelewa tarehe fulani na nani, invoisi, tarehe iliyopita, kiasi kinachobaki, siku 14 za kulipa, akaunti ya kulipia, na sentensi moja kwamba siku hizo zikipita utafungua shauri bila taarifa nyingine. Ambatanisha nakala zote. Ielekeze kwa mkurugenzi, nakala kwa mhasibu mkuu, na ipelekwe kwa dispachi au kwa EMS ya Posta ili ubaki na uthibitisho. Ukimudu wakili aiandike yeye, maana kichwa cha barua cha wakili kinasomwa na watu ambao barua yako haikuwafikia. Patana naye bei ya barua peke yake. Ukishindwa, watafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, kazi yao ni pamoja na kukuelekeza namna ya kuandika.

Riba ya kucheleweshwa usiiongeze kichwani mwako. Kama haikuandikwa kwenye makubaliano, unaweza kuiomba mahakamani, lakini kuitia tu kwenye notisi kunawapa la kubishania, na ubishi ndio wanaoutaka.

Usiende polisi ukidhani watakukusanyia. Deni la biashara ni madai, si jinai, labda kama kuna kughushi au utapeli tangu mwanzo. Wala usiwaanike kwenye makundi ya WhatsApp na picha za mkurugenzi, utageuka wewe mshtakiwa. Wakikupa cheki na ikarudi, itunze pamoja na karatasi ya benki inayosema kwa nini imerudi. Kwa deni la cheki kuna utaratibu wa mkato mahakamani, mdaiwa lazima kwanza aombe ruhusa ndipo ajitetee, na wakili atakueleza namna ya kuutumia.

Deni la mkataba lisilozidi Sh milioni 30 linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kesi ni kwa Kiswahili na unaweza kusimama mwenyewe. Peleka lile faili lako, na kama stoo kipa aliyepokea mzigo bado anakuheshimu, mtaje kama shahidi. Likizidi hapo unaenda mahakama za juu yake, na huko wakili unamhitaji. Kabla ya yote geuza LPO usome maandishi madogo ya nyuma. Zipo zinazosema mgogoro uende kwanza kwa usuluhishi, tena Dar, na ukiyaruka hayo shauri lako linaweza kusimamishwa. Wengi hulipa kati ya kupokea samansi na siku ya kutajwa kesi. Wakija kupatana, yaandikwe na yasajiliwe mahakamani, ili wakivunja uombe utekelezaji bila kuanza upya. Utekelezaji ni pamoja na kukamata hela zilizoko benki, kwa hiyo utahitaji jina la benki yao, nalo liko kwenye cheki au slipu ya malipo ya nyuma. Usizitupe.

Ukiwa unadai serikali

Hapa mwendo ni mwingine. Kuishtaki serikali, na halmashauri zimo, kunataka notisi ya siku 90 yenye nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa ovaroli za milioni nne, gharama itakula deni. Wewe cheza na kalenda. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Invoisi yako iwe imekamilika na imo ndani ya mfumo mapema kabla ya hapo, maana ikivuka inaweza kuhamia kwenye malimbikizo, yanayohakikiwa kwanza ndipo yapangiwe fedha. Aprili mimi nakuwa mgeni wa kila wiki. Na usipeleke mzigo wa taasisi ya umma kwa neno la mdomo la ofisa yeyote, hata awe jirani yako Makorora. Kisichopitia mfumo wa ununuzi wa NeST na LPO yake hakina pa kulipiwa.

Hela ikiingia

Kagua kiasi kabla ya kushukuru. Ikiwa pungufu, uliza kama wamekata kodi ya zuio. Kama wamekata, dai cheti chake, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato, na bila cheti TRA hawatakuelewa. Cheti nacho hudaiwa kama invoisi: namba, tarehe, "naomba nijue kiko kwa nani".

Oda inayofuata ya mteja yule yule naipokea kwa masharti mapya. Malipo ya awali yatoshe kitambaa chote na zipu. Mzigo utoke kwa mafungu, fungu la pili baada ya la kwanza kulipwa, na haya yaandikwe kwenye LPO yenyewe, si kwenye simu. Ofisa manunuzi atasema utaratibu wao hauruhusu malipo ya awali. Mwambie aulize. Mara nyingi unaruhusu, ila hakuna aliyewahi kuomba. Ukweli ukiwa hauruhusu kabisa, nashona kiasi ambacho nikicheleweshewa miezi mitatu mafundi wangu bado watalipwa Jumamosi, na hicho ndicho kiwango cha mkopo wao kwangu.